Kumtafuta mvulana wa Norton: shajara ya mradi wa nasaba ya mavyaa

Jumanne, 14 Januari 2025

Nimeanza. Nina daftari jipya, penseli mbili, na karatasi aliyonitumia mavyaa kutoka Virginia. Ina majina yaliyopangwa kwa ngazi: la juu ni lake mwenyewe, la chini kabisa lina alama ya kuuliza.

Mavyaa ana miaka 79. Kwa muda mrefu amekuwa mwanachama wa Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani, chama kilichoundwa mwaka 1890. Haingii mtu mle kwa pesa wala kwa umaarufu. Mwombaji hutakiwa athibitishe kwa hati, kizazi hadi kizazi, kwamba ametokana kwa damu na mtu aliyechangia vita vya uhuru dhidi ya Uingereza. Sasa anataka kuingia chama kingine cha namna hiyo, ambacho sharti lake ni kuwa na mhenga aliyeishi kwenye makoloni ya Uingereza kabla ya mwaka 1701. Marekani ina vyama vingi vya aina hii. Wapo wazao wa abiria 102 wa meli ya Mayflower ya 1620, walioanzisha chama chao mwaka 1897. Wapo wazao wa maofisa wa jeshi la Washington, ambao chama chao kilianza tangu 1783.

Wengine huona haya ni mambo ya kujikweza. Mimi nimekulia Mombasa, nikaona familia za masharifu zikihifadhi karatasi ya nasaba kashani pamoja na hati ya nyumba, kwa heshima ile ile. Hata neno shajara, tunaloliandikia kumbukumbu za siku kwa siku, asili yake kwa Kiarabu ni mti. Kwa hiyo mavyaa aliponiambia anataka kumjua wa kwanza kabla macho yake hayajafumba, sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Tatizo liko hapa. Kutoka kwake hadi kwa askari wa miaka ya 1770 njia ni nyeupe, chama cha kwanza kilikwisha kuikubali. Kutoka kwa yule askari kurudi nyuma ni giza, kwa sababu ukoo uliishi kaunti ya New Kent. Mahakama ya New Kent ilichomwa moto mwaka 1787. Tena nyaraka za kaunti nyingi za Virginia zilizopelekwa Richmond zikalindwe wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe ziliteketea Aprili 1865, mji ulipoungua. Lakini Virginia ilikuwa koloni, na koloni huandikia taarifa kwa mfalme. Kilichoungua kule huenda nakala yake iko London, nami naishi Reading, mwendo wa treni tu. Ndiyo maana kazi hii imeniangukia mkwe wa Kiswahili.

Jumamosi, 18 Januari

Mume wangu ameleta kutoka darini kijitabu cha ukoo kilichopigwa chapa zama za babu yake. Kinasema wa kwanza alikuwa mwana wa shujaa mwenye farasi na ngao, na ngao yenyewe imechorwa kwa rangi. Mavyaa ameitundika ukutani sebuleni.

Nimekisoma mara mbili na sikuona hati hata moja iliyotajwa. Zama zile biashara ya kutunga nasaba ilishamiri. Gustave Anjou, aliyefariki 1942, aliwauzia matajiri wa Marekani nasaba tele zilizochanganya hati za kweli na za kubuni, na hadi leo watafiti wanazing'oa moja moja kwenye miti ya watu. Kuhusu ngao, kwa sheria za Uingereza ngao hupewa mtu na kurithiwa na wazao wake. Hakuna ngao ya jina la ukoo, kwamba kila mwenye jina lile anayo.

Nimekiweka kijitabu pembeni. Naanza na nilichonacho mkononi, narudi nyuma hatua moja moja, na sivuki ngazi.

Jumamosi, 1 Februari

Siku ya kwanza Kew, kwenye Nyaraka za Taifa. Treni ya kutoka Reading hunishusha Richmond, nabadilisha pale. Ni Richmond hii ya mto Thames iliyoipa jina ile ya Virginia anakokwenda mavyaa kununua vitu vyake, na nilipokuwa nimesimama kwenye baridi ya stesheni nilimpigia simu kumwambia. Akafurahi kama mtoto.

Kadi ya msomaji haina malipo, inatakiwa tu kitambulisho na uthibitisho wa anwani. Ndani hukubaliwi kalamu ya wino. Vitu vyako unavibeba kwenye mfuko unaoonesha kilichomo, kitabu unakilaza juu ya sponji, na kurasa unazishika kwa mkufu wa vyuma vidogo vilivyovikwa kitambaa. Picha unaruhusiwa kupiga kwa simu yako.

Nimeagiza CO 5/1314. CO ni Ofisi ya Makoloni, na 5 ni mfululizo wa barua na taarifa za Amerika. Humo mna orodha ya wenye ardhi wa Virginia ya mwaka 1704, iliyopelekwa London wakati wa gavana Francis Nicholson. Kila mwenye ardhi alimlipa mfalme shilingi mbili kwa kila ekari 100, aghalabu kwa tumbaku, kwa hiyo karani aliandika jina na ekari, kaunti baada ya kaunti. Ndiyo hati pekee inayokaribia kuwa sensa ya koloni lile kwa wakati ule, ingawa ardhi za kaskazini kati ya mito Potomac na Rappahannock hazimo, kwa kuwa zilikuwa mali ya bwana mwingine.

New Kent imo. Na jina letu limo: ekari 150.

Nilishika mdomo nisipige kelele. Kipande kidogo tu cha ardhi, kati ya majirani wenye maelfu. Huyu hakuwa mtoto wa shujaa mwenye farasi. Alikuwa mkulima wa jembe, na nilimpenda pale pale.

Jumatano, 12 Februari

Hatua fupi. Maktaba ya Virginia imeweka hati za ardhi za kikoloni kwenye intaneti. Nimekuta hati ya miaka ya 1660 ambayo si yake, ni ya bwana mmoja aliyepewa ardhi kwa kuwalipia watu nauli. Kila mtu uliyemvusha bahari ulipata ekari 50. Kwenye orodha ya waliovushwa na bwana huyo limo jina letu.

Si uthibitisho bado. Majina ya orodha hizi yaliuzwa na kununuliwa, na mtu huweza kuonekana mara mbili, au miaka mingi baada ya kufika. Lakini yanipa pa kutazama: alivuka kwa nauli ya mwingine, yaani alikuwa mtumishi wa mkataba.

Alhamisi, 27 Februari

Bristol. Nimechukua likizo ya siku moja kazini.

Mwaka 1654 baraza la mji wa Bristol liliamuru kila mtumishi anayepelekwa makoloni aandikishwe, kwa kuwa watu walikuwa wakilalamika kwamba wanaume, wanawake na watoto wanaibwa mitaani na kutiwa melini. Rejista zilizotokana na amri ile zinafika hadi 1686 na zina majina zaidi ya 10,000. Wengi walikwenda Virginia, Barbados na Nevis. Miaka ya mwanzo karani alijitahidi kuandika anakotoka mtu na kazi yake, halafu baadaye akachoka, akabaki na jina na miaka tu. Namwombea radhi karani yule wa mwanzo kwa kila jina alilolikamilisha.

Nimewapata wawili wenye jina letu. Mmoja alikwenda Barbados, nimemwandika pembeni. Wa pili, mwaka 1661: mkulima, wa Norton, Somerset, miaka minne, Virginia.

Miaka minne ya kazi bila mshahara, kwa nauli, chakula na malazi. Kijana wa umri wa mwanangu mkubwa, pengine. Nimekaa muda mrefu mbele ya mstari ule. Sijui kama aliifahamu vizuri karatasi aliyowekewa mbele yake, na rejista haina nafasi ya jambo kama hilo.

Jumapili, 9 Machi

Norton ni nyingi. Somerset ya zamani ina Norton St Philip, Norton Malreward, Norton Fitzwarren, Norton sub Hamdon na Midsomer Norton, na karani wa Bristol aliandika Norton tu, kana kwamba dunia ina moja.

Natumia picha za rejista za parokia. Uingereza ilianza kuandika ubatizo, ndoa na maziko mwaka 1538 kwa amri ya Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry wa Nane, na kuanzia 1598 kila parokia ilitakiwa kunakili rejista zake na kumpelekea askofu, kwa hiyo penye kitabu kilichooza huenda nakala ya askofu imepona. Lakini kati ya 1642 na 1660, miaka ya vita vya mfalme na bunge, mapengo ni makubwa. Makasisi walifukuzwa, vitabu vikasahauliwa au kufichwa, na mahali pengine kurasa ni nyeupe.

Hata hivyo leo nimempata! Ubatizo wa 1642, Norton ya kwanza niliyoifungua kwa makini, jina lile lile, baba fundi seremala. Angekuwa na miaka 19 mwaka 1661. Nimemwandikia mavyaa usiku huu huu.

Jumamosi, 29 Machi

Nimekosea, na naandika hapa ili nisisahau nilivyokosea. Wiki tatu nimejenga juu ya mtoto wa seremala. Nimewatafuta ndugu zake, nimechora mti, nimempelekea mavyaa, naye amewaonesha rafiki zake. Leo nimefungua kurasa za maziko za parokia ile, jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza. Alizikwa mwaka 1645. Hakuifikia miaka minne, sembuse Virginia.

Nilimpigia mavyaa mwenyewe, sikutaka kumwandikia. Alinyamaza, halafu akauliza kama mama yake alipata watoto wengine. Alipata. Nikamwambia majina yao, akayarudia polepole, kama mtu anayetoa pole.

Kwa yeyote anayefanya kazi hii: ukishapata ubatizo, nenda kwenye maziko. Kwanza hakikisha mtoto wako aliishi.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimerudi kwenye Norton nyingine zote, moja baada ya nyingine, ubatizo na maziko pamoja. Kwenye ya tatu yupo mvulana mwenye jina letu aliyebatizwa Januari 1643. Wazazi wake walifunga ndoa parokia ile ile, Mei 1643.

Kwa dakika kadhaa nilidhani mtoto alitangulia ndoa. Kisha nikakumbuka kwamba Uingereza ya zama zile iliuanza mwaka mpya tarehe 25 Machi. Januari iliyofuata Mei ya 1643 ilikuwa bado ndani ya 1643, na kwetu ni Januari 1644. Miezi minane, hakuna neno. Ndiyo maana watafiti huandika 1643/44. Mwaka ulihamishiwa Januari 1752 tu, na mwaka huo huo kalenda ikarukishwa kutoka tarehe 2 Septemba hadi 14. Sisi wa pwani tuliolelewa na mwaka wa Hijria, wa Miladi na wa Nairuzi tusingepaswa kukwama hapo, lakini nilikwama.

Huyu hana maziko katika parokia ile. Pia hana ndoa wala mtoto pale, anatoweka tu baada ya ubatizo. Kutoweka si ushahidi wa kusafiri, watu walihama vijiji kila siku. Ila ana mdogo wake wa kiume, na huyo naye haonekani tena.

Jumamosi, 26 Aprili

Nilitaka wosia wa baba yake. Haupo, na hautapatikana. Wosia za Somerset zilizothibitishwa kwenye mahakama za kanisa za huko zilikuwa zimehifadhiwa Exeter, na Exeter ilipigwa mabomu na Wajerumani Mei 1942. Zikaungua zote pamoja na za Devon. Nimefikiri jinsi ukoo mmoja unavyoweza kuunguliwa pande zote mbili za bahari.

Zilizopona ni za wale waliokuwa na mali kwenye majimbo ya maaskofu zaidi ya moja, kwa kuwa wao walipelekwa London, kwenye mahakama kuu ya askofu mkuu wa Canterbury. Wosia hizo ziko Kew, mfululizo wa PROB 11, kuanzia 1384 hadi 1858, na picha zake zinasomwa ukiwa nyumbani. Mkulima mdogo hawezi kuwamo. Lakini yule mdogo wake aliyetoweka je? Bristol iko karibu, na kijana wa Norton huweza kwenda kujifunza kazi mjini.

Nimetafuta jina la ukoo pamoja na Bristol. Yumo. Mfanyabiashara wa ngozi, wosia wa 1689. Usomaji umenichukua siku tatu, maana mwandiko wa makarani wale ni kama uzi uliovurugika: h inashuka chini ya mstari, e imegeuka, s ndefu hudhaniwa f. Nilianza kwa kunakili maneno yanayojirudia katika kila wosia, "Kwa jina la Mungu, Amina", na kutokana nayo nikajitengenezea alfabeti ya karani huyu.

Anawaachia maskini wa parokia aliyozaliwa paundi mbili, na parokia ni ile Norton ya tatu. Halafu, mistari sita chini yake, anamwachia kaka yake aliyeko New Kent, Virginia, ikiwa yu hai, paundi kumi, na ikiwa amekufa basi wapewe mke wake na watoto. Mke ametajwa kwa jina. Jina lenyewe si la kawaida, nami nalifahamu, kwa sababu limo kwenye rejista ya kanisa la St. Peter's, New Kent, iliyonusurika moto wa mahakama kwa kuwa ilikuwa ya kanisa. Amebatizisha watoto wawili mle.

Norton, Bristol, New Kent, kwa kalamu moja. Nilimwita mume wangu kutoka jikoni nikamsomea mstari kwa mstari. "Ikiwa yu hai." Miaka 28 walikuwa hawajaonana.

Jumamosi, 17 Mei

Ningeweza kuishia pale. Chama kinataka mstari wa damu na mstari umekaribia kukamilika. Lakini nilipokuwa natafuta jina kwenye PROB 11 ulitokea wosia mwingine, wa miaka ya 1740, wa mjukuu wa mvulana wetu, aliyekuwa na deni na mali kwa mfanyabiashara wa London, na kwa hiyo naye akathibitishiwa huku. Leo nimeumaliza.

Ekari si 150 tena. Ni mamia. Na baada ya ardhi, kabla ya vitanda na ng'ombe, wanatajwa watu sita. Majina ya kwanza tu. Mwanamke mmoja anapewa binti wa marehemu, "pamoja na uzao wake ujao". Watoto wake ambao hawajazaliwa wamekwisha kurithishwa. Sheria ya Virginia ya 1662 ndiyo iliyowezesha sentensi ile, iliyosema mtoto hufuata hali ya mama yake, mtumwa au huru.

Mvulana aliyeandikishwa kwa miaka minne aliimaliza, akapata shamba. Mjukuu wake akaandika watu bila kikomo cha miaka. Mimi ni mtu wa pwani iliyouza watu na kununua watu, na nyumba za mawe za miji yetu zimejengwa kwa mikono ya watumwa ambao karatasi za kashani hazikuwataja. Niliyasoma majina yale sita kwa sauti, mlango umefungwa.

Nimewafungulia ukurasa wao kwenye faili, majina yote sita, tarehe, namba ya hati na karatasi. Hapa siyaandiki, kama nisivyoandika la ukoo, kwa kuwa mavyaa hajaniruhusu. Lakini kuna mtu mahali fulani anayetafuta hasa majina haya, ambaye kwake kila kitu kabla ya sensa ya 1870 ni ukuta, maana ndiyo ya kwanza iliyowaandika walioachwa huru kwa majina yao. Wosia wa mwenye mali huenda ndiyo hati pekee atakayowaona humo.

Jumapili, 25 Mei

Nimemsomea mavyaa kwa simu. Sikuuruka mstari wowote.

Alikaa kimya mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akanihadithia jambo ambalo sikulitarajia, kwamba mama yake alikuwa mwanachama wa Mabinti wa Mapinduzi mwaka 1939, chama kilipomnyima mwimbaji mweusi Marian Anderson ukumbi wake wa Washington kwa sababu ya rangi yake. Eleanor Roosevelt, mke wa rais, alijitoa chamani. Marian Anderson akaimba nje, kwenye ngazi za mnara wa Lincoln, siku ya Pasaka, mbele ya watu wapatao 75,000. Mama yake hakujitoa, na hakulizungumza hadi kufa. Chama kilimpokea mwanachama wake wa kwanza mweusi anayejulikana, Karen Batchelor, mwaka 1977, naye alithibitisha damu yake kwa hati kama wengine wote.

Mavyaa akasema: waandike, mwanangu. Neno "mwanangu" alilisema kwa Kiswahili, nilimfundisha mwenyewe mwaka niliozaa. Anataka ukurasa wa wale sita uwekwe kwenye nakala atakayoipa maktaba ya huko kwao, kila mtu aweze kuuona. Fomu ya chama haina nafasi yake, kwa hiyo utakwenda peke yake. Na ile ngao ameishusha ukutani.

Jumamosi, 7 Juni

Faili ya chama iko hivi: ngazi zote zina hati, isipokuwa moja, kati ya mwana wa mvulana wetu na mjukuu mwenye wosia. Hapo nina rejista ya St. Peter's inayotaja ubatizo, lakini ukingo wa ukurasa umechanika na jina la mama halimo. Mavyaa amepata mtu wa kuitazama rejista yenyewe.

Kwa upande wangu limebaki moja. PROB 11 ni nakala ya karani. Wosia wenyewe, ule alioutia sahihi mfanyabiashara wa ngozi kwa mkono wake, uko PROB 10. Nataka kuliona jina la shemeji yake kwenye karatasi yenyewe, kwa sababu ushahidi wote wa kuvuka bahari umening'inia kwenye neno lile moja. Boksi nimekwisha kuliagiza, litakuwa tayari Jumamosi ya tarehe 14. Treni ya saa mbili na nusu asubuhi.